Tafuta Umri wa Sikitu

Kwetu hatuzaliwi, tunatungwa. Msinikodolee macho. Hata huko kwenu mimba hutungwa, ila nyinyi mna miezi ya kusubiri, mnajipangia na majina. Kwetu husikika mlio tu, kwiii, ule mlio wa kumsisimua mtu meno, na ukigeuka unamkuta bwana mzima amesimama na machungwa kumi kifuani, hajui kayatoa wapi wala kwa nini imempasa kumpa mwenzake matatu. Nilipata kumuuliza mmoja, "Bwana wewe, machungwa yenyewe unayapenda?" Akayahesabu upya. Hilo halikuwamo katika swali lake.

Mimi nilitungwa katika swali la saba. Jina langu Sikudhani, na kabla sijalijua jina hilo, kabla sijajua kama nina miguu, niliyajua maneno haya, maana ndiyo niliyoumbwa nayo: *Umri wa mama ni mara nne ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka sita, umri wa mama utakuwa mara tatu ya umri wa mwanawe. Tafuta umri wa mwana.* Basi. Hayo ndiyo maisha yangu. Wengine wana mengi ya kusimulia, mimi nina sentensi tatu, na ya tatu yenyewe ni amri.

Nani aliyetutunga? Hapo ndipo watu hushusha sauti. Wanamwita Mtunzi, na wanasema ana mkono mmoja tu, kwa sababu hakuna aliyepata kuuona wa pili. Sina ugomvi na mkono wake. Ugomvi wangu ni na haraka yake. Mtu anayeandika "mama" asiandike mama huyo anapenda kula nini, analalia ubavu gani, anacheka kwa sauti au kwa mabega, huyo hakutaka mama. Alitaka mahali pa kuitundika mara nne yake. Nimeishi na hasira hiyo muda wote, na naiona ni hasira ya halali.

Ardhi yetu ni nyeusi na vumbi letu ni jeupe. Ukikaa kitako ukainuka, nguo nyuma ni nyeupe pe, na kila mtu anajua ulikaa wapi na ulikaa na nani. Jua letu halina safari. Ni saa sita ya mchana daima, na kivuli cha mtu kimejikunja chini ya nyayo zake, hakijapata kutoka hata kuchungulia. Hatuna jana, hatuna kesho. Neno "kesho" tunalo, lakini halina kazi. Tunalitumia kuwatishia watoto.

Sasa sikilizeni balaa lililojificha ndani ya hiyo mara nne. Umri wa mwanangu haujulikani, na kisichojulikana hakitulii. Nikifumba jicho nikafumbua, mtoto ana miaka miwili, na mimi papo hapo nina minane. Nimembeba mgongoni, kanga inaburura chini, magoti yananigongana, na mimi mwenyewe nataka kubebwa. Analilia ziwa. Ziwa nitalitoa wapi, mtoto wa miaka minane? Tunakaa chini tunalia wote wawili. Nikifumba tena nikafumbua, ana ishirini na mitano, mwanamke kamili, kajifunga kibwebwe, na mimi nina mia. Ananilisha uji kwa kijiko, namwita mama, naye anaitika. Kuna safari moja alifika arobaini. Sipendi kuisema. Wakati huo sikuwa mtu tena. Nilikuwa kikohozi ndani ya kanga, na mwanangu alikaa akikibembeleza kikohozi hicho kisizimike.

Na kule chini kabisa, kwenye sifuri, mara nne ya sifuri ni ngapi? Sifuri. Basi mkiniamini msiniamini, mimi na mwanangu tulizaliwa siku moja, hakuna aliyemtangulia mwenzake. Nimelifikiri jambo hilo mpaka kichwa kimeniuma. Kama mimi ni yeye mara nne, nani amemzaa nani? Kama yeye akitetereka na mimi natetereka, ni nani kati yetu aliyesimama? Sijapata jibu, na mtu asiniambie analo.

Mwanangu anaitwa Sikitu. Jina nilimpa mimi, si Mtunzi. Hata kwenu, mwanamke akifiwa na watoto mfululizo, anayefuata humwita Takataka, humwita Jaa, humwita Sikitu, ili mauti yakipita yakauliza "Nini hiki?" yaambiwe "Si kitu," yaende zao. Kabla yake swali la saba lilikuwa na wana watatu. Niliwaona. Waliandikwa, wakakaa muda wa kuninyooshea mikono tu, kisha dasta ikapita. Mtunzi aliona hesabu inakuwa ngumu mno. Walichoacha ni wingu jeupe, na wingu hilo nililivuta lote kwa pua, nikalimeza, kwa sababu sikutaka liende kwingine. Alipoandikwa huyu wa nne, vumbi halijatua bado, nikamwinamia sikioni nikamwita jina lake. Dasta ikaja, ikamzunguka, ikapita.

Yeye mwenyewe jina hilo hakulipenda kamwe. Kingine alichokichukia ni jino. Kila alipopita kwenye miaka ya kung'oka meno, jino lilimtoka, akalirusha juu ya paa akiomba jipya, kisha akapepesa jicho, na tazama, jino lile lile limerudi kinywani, ama kinywa hakina meno kabisa.

"Mama," aliniambia mara moja, ana miaka sita, na mimi nina ishirini na minne na nimejaa nguvu, "nimechoka kung'oka jino moja."

"Utazoea, mwanangu."

"Sitaki kuzoea. Nataka litoke liende."

Nikamcheka. Loo, nilimcheka! Sikujua kwamba mtoto ameniambia jambo kubwa kuliko yote niliyopata kuambiwa.

Jirani yetu ni Pandu wa swali la sita, mwenye tangi. Bomba la juu linajaza, bomba la chini linatoa, na yeye kazi yake ni kukaa pembeni angoje lijae. Halijai. Ni mtu wa utani, na utani ndio unaomweka mzima.

"Bi Sikudhani, leo una ngapi?"

"Mia na nne, na mbio bado nakushinda."

"Basi shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikipita tena nina minane, ananikemea, "We mtoto, kacheze mbali na bomba!" Ndivyo tulivyoishi.

Swali la tano, upande wa pili wa Pandu, walikaa wasafiri wawili waliotakiwa kutoka miji tofauti wakutane njiani. Swali lao lilisema mmoja wao "atatembea saa tatu." Wa kwanza akaelewa kwamba atatembea kwa muda wa saa tatu. Wa pili akaelewa kwamba ikifika saa tatu ndipo aanze kutembea, akakaa kitako juu ya mzigo wake akingoja saa tatu ifike, na kwetu, nimeshawaambia, ni saa sita daima. Wa kwanza akenda, akenda, akenda. Wa pili akakaa. Watu tuliwacheka sana. "Lugha imewachezea," alisema Pandu. Halafu safari moja nikafumbua jicho, nikasikia kimya. Swali la tano halipo. Ardhi nyeusi tii, imelowa kidogo, na kandambili moja imebaki pale, haina mwenyewe.

Pandu hakutania safari hiyo. "Hawakupatikana," akasema. "Msahihishaji amepita. Asiyepatikana anafutwa."

"Na anayepatikana?"

"Anapigiwa mistari miwili chini ya miguu, anapelekwa nyuma huko, kwenye Majibu."

Majibu tuliyajua sote. Kuna ukuta, na katika ukuta kuna mlango, na ukiweka sikio unasikia watu wengi wakitaja namba kwa sauti ya chini, kila mtu yake, bila kupumzika. Wanakula? Wanacheka? Wanalala wawili wawili au kila mtu kivyake? Hakuna aliyerudi akasema.

Hapo ndipo nilipomtazama mwanangu kwa macho ya hofu. Alikuwa anafifia. Viwiko vyake vilikuwa vimeshaanza kupotea, na nilipomshika bega, unga mweupe ulibaki vidoleni mwangu. Swali likikaa mno bila kufanywa hufutika lenyewe, kwa kuguswa guswa tu, na aliyekuwa akimgusa kuliko watu wote ni mimi. Nilimfuta mwanangu kwa kumpenda. Nikarudisha mikono nyuma, nikaibana kwapani, nikalia.

"Jibu ninalo," nilimwambia Pandu.

"Unalo? Tangu lini?"

"Tangu zamani. Kila tukipita kwenye umri huo, ardhi inatulia chini ya miguu yangu. Mama hajui umri wa mwanawe? Ninaujua. Ila nikisema, Msahihishaji ananichukulia mtoto."

"Na ukinyamaza, dasta."

"Najua."

"Halafu kulisema tu hakutoshi," akasema Pandu, akichezea maji ya tangi lake. "Jibu bila njia ni sifuri. Atakwambia onyesha njia."

"Njia yenyewe inakwendaje?"

"Unaandika upande huu, unaandika upande ule, katikati unaweka sawasawa. Halafu unahamisha. Hiki unakipeleka huku, kile unakirudisha huku. Njia ni nyingi, lakini mwisho wake ni mmoja. Unamwacha x peke yake."

"Namwacha nani?"

"x. Yule usiyemjua."

"Peke yake?"

"Peke yake, Bi Sikudhani. Upande mmoja yeye, upande wa pili jibu. Akiwa na mtu mwingine ubavuni, hajapatikana."

"Pandu, wewe umezaa?"

"Mimi nina tangi tu."

"Ndiyo maana."

Sawasawa yenyewe mngeiona mngetetemeka. Ni mistari miwili mirefu iliyolala sambamba katikati ya nchi, nyembamba, mtoto anaweza kuiruka. Hatuiruki. Chochote kinachovuka hubadilika alama. Pandu aliwahi kuvuka kufuata ndoo, akarudi anatumia mkono wa kushoto, na ndoo, aliyokwenda kuifuata ikiwa imejaa, alirudi nayo ikiwa na kiu. Ilikunywa nusu ya tangi lake kabla hajaifunika. Msinitake nieleze zaidi. Hata yeye hajui.

Msahihishaji alikuja bila mlio. Mtu mpole, kanzu safi, chaki nyekundu sikioni na dasta mkononi. Hakututazama sisi, alitazama nafasi iliyo kati yetu. Mwanangu wakati huo alikuwa na miaka mitatu, mimi kumi na miwili, nimemshika mkono.

"Habari za hapa?"

"Njema, bwana."

"Swali la saba. Nimekuta halijafanywa." Akachukua chaki sikioni. Akamwelekezea mtoto kidole. "Huyu hapa, x, ni nini?"

Enyi watu, ulimi hauna mfupa. Nilikuwa nimekwisha jiandaa. Nilikuwa na namba mdomoni, tayari. Lakini kaulizwa mwanangu ni nini, na mwenye kuuliza ana dasta mkononi, na mimi tangu lile wingu jeupe nina jibu moja tu kwa swali hilo. Nikalitoa kabla sijafikiri.

"Sikitu."

"Si kitu," akasema Msahihishaji, na akaandika kwa chaki nyekundu: x = 0.

Mara nikahisi ardhi imetoka. Mikono yangu ikawa mifupi, ikawa laini, kichwa kikawa kizito kikaanguka nyuma. Sifuri, na mara nne ya sifuri. Tulilala chini kwenye weusi, vichanga wawili uchi, uso kwa uso, na pumzi yake ilikuwa ikiniingia puani. Nasema kweli, nilifurahi. Sijapata kufurahi namna ile. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo, hakuna wa kumwacha mwenzake. Nikafikiri: na iwe hivi. Tubaki hapa, tusiwe kitu, tusiwe kitu pamoja.

Juu yetu Msahihishaji alikuwa akihakiki. "Mama ni mara nne ya sifuri, sifuri. Baada ya miaka sita, ana sita. Mwana naye ana sita, mara tatu yake kumi na nane. Kwa hiyo sita ni sawa na kumi na nane." Alipolitamka hilo, nchi nzima ikaenda upande. Maji ya Pandu yakamwagika, nikamsikia akipiga kelele. Machungwa ya yule bwana yakabingirika yakipita karibu na vichwa vyetu. Mistari miwili ya sawasawa ikalalamika. "Pande hazilingani," akasema Msahihishaji, bila hasira yoyote. "Swali nalifuta."

Akainua dasta. Kivuli chake, kivuli cha kwanza nilichopata kukiona, kilitufunika.

Mwanangu akalia. Kilio cha kichanga, lakini kilikuwa na maneno ndani yake, na maneno hayo nitakwenda nayo kaburini.

"Mama! Mimi si si kitu!"

Akalia tena.

"Mimi ni kitu, mama!"

Na kwa nguvu ya kusema hivyo akajitoa kwenye sifuri. Akawa na mwaka mmoja, nami nikawa na minne, nikakaa. Akawa na mitatu, nikawa na kumi na miwili, miguu ikanirudia. Akawa na mitano, na mimi ishirini, msichana mwenye mkono mrefu, nikaudaka mkono wa Msahihishaji dasta ikiwa imebakisha shubiri moja kumfikia.

"Ngoja!"

"Njia unayo?"

"Ninayo. Lete chaki."

Nikaandika. *Acha umri wa Sikitu uwe x.* Neno la kwanza tu ni "acha." Kumwita mtoto wako kwa herufi moja, mbele za watu, si mchezo.

*Umri wangu: 4x.* Hilo halikunisumbua. Mimi ni yeye mara nne, ndivyo nilivyo.

*Baada ya miaka sita: yeye x + 6, mimi 4x + 6.* Hapo nilisimama. Sita yake na sita yangu. Nilikuwa nimeyabeba maneno haya tangu kutungwa kwangu na sikuwahi kuyasikia. *Baada ya miaka sita.* Nikayaweka moyoni, nikaendelea.

*4x + 6 = 3(x + 6)*

Nilimfungia yeye na miaka yake sita ndani ya mabano, nikamwona amekaa baina ya kuta mbili zilizopinda, salama, anachungulia. Nikatamani niishie hapo. Mama yupi asingetamani? "Fungua mabano," akasema Msahihishaji. Nikafungua. Tatu akaingia, akamgusa mwanangu, akaigusa na miaka yake, mmoja mmoja.

*4x + 6 = 3x + 18*

"Hamisha," akasema.

Sita iliyotakiwa kuvuka ni sita yangu. Lugha hii yetu haina huruma. Neno "kutoa" limebeba kumnyang'anya mtu, na limebeba kumpa mtu, na halikwambii leo limekuja kwa lipi. Kutoa ni moyo, husema watu. Basi moyo wangu nikaushika kwa mikono miwili, nikainua mguu, nikavuka ile mistari na miaka yangu sita kifuani. Nilikwenda nikiwa mwenye kuongezewa, nikafika ng'ambo nikiwa mwenye kupunguza. Baridi iliyoko huko siwezi kuisema.

*4x − 3x = 18 − 6*

Na zile x tatu zilizovuka kuja upande nilikotoka zilikuja kunipunguza mimi. Ikaondoka mara ya kwanza, ikaenda na yule msichana wa miaka minane aliyelia na mtoto mgongoni. Ikaondoka mara ya pili, ikaenda na bibi wa miaka mia na uji wake. Ikaondoka ya tatu, ikaenda na kikohozi ndani ya kanga. Nikatazama ni nini kilichobaki kwangu, mimi niliyekuwa yeye mara nne. Alibaki yeye.

*x = 12*

Akasimama pale, upande wake, peke yake. Ubavuni hana mtu. Miaka kumi na miwili: magoti makavu, shingo ndefu, kovu dogo kwenye kidevu ambalo sikuwahi kuliona kwa sababu halikuwahi kukaa. Viwiko vyake vilikuwa vimerudi, vyeusi na vikali. Hakupepesuka. Alijitazama mikono, akaigeuza, akangoja iwe mikubwa au midogo, haikuwa. Kisha akatia kidole mdomoni, nyuma kabisa, akatoa kitu.

"Mama, jino."

Aliunyoosha mkono, nami nikaunyoosha wangu juu ya ile mistari miwili, akaniwekea kiganjani. Tukaliangalia sote. Halikurudi. Tukaliangalia tena. Halikurudi. Mwanangu akacheka, na pengo lake likaonekana.

"Nina kumi na miwili!" aliwapigia kelele Pandu, na mwenye machungwa, na nchi nzima. "Mimi! Nina miaka kumi na miwili!"

Msahihishaji akahakiki. Arobaini na minane na sita, hamsini na nne. Kumi na nane mara tatu, hamsini na nne. Nchi ikarudi mahali pake. Akainama akampigia mwanangu mistari miwili chini ya miguu, akaweka alama ya vema.

"Twende," akamwambia.

"Na mama?"

Msahihishaji alisoma swali upya, taratibu, kwa haki. Sitamdhulumu, alilisoma lote. "Umri wa mama haukuulizwa," akasema.

Sikupiga ukelele. Nilitaka, Mungu anajua. Nilitaka kujigaragaza katika vumbi mpaka tuonekane mtu na vumbi ni kitu kimoja. Lakini alikuwa ananitazama, na mtoto wa miaka kumi na miwili anakumbuka. Nikamwambia tu, "Huko ukiulizwa jina, litamke kwa pamoja. Usiliachie nafasi katikati."

"Sikitu," akasema.

"Hivyo hivyo."

Akaenda. Hakugeuka mpaka mlangoni, na alipogeuka aliinua vidole vyake vyote kumi, akavikunja, akainua viwili. Mlango ukafungwa. Niliweka sikio ukutani. Zile sauti za chini zilikuwa zikiendelea, kila mtu na namba yake, na kati yake ikaingia moja mpya, ya juu, ya mtoto, haikujua kunong'ona. Zile nyingine zikasita. Kisha, sijui kama nilisikia au nilitaka kusikia, mtu mmoja kule ndani alicheka.

Niliporudi, Pandu alikuwa akikusanya maji yake kwa kitambaa. Hakuniuliza nina ngapi. Nikalitoa jino, nikasimama mbele ya nyumba, nikalirusha juu ya paa. Liligonga bati, likabingirika kidogo, likatulia. Nikangoja lirudi kiganjani. Nilingoja mpaka shingo ikauma, na ilipouma nikatazama chini, nikaona kitu cheusi kimetoka chini ya nyayo zangu, kimejinyoosha upande wa mashariki, kirefu kiasi cha kidole.

"Pandu! Kivuli changu!"

Akaja akakitazama. Akajitazama miguuni mwake, hana. Akanitazama mimi usoni kwa muda, na nadhani aliogopa.

"Swali limesema baada ya miaka sita," nikamwambia. "Umri wa mama *utakuwa* mara tatu ya umri wa mwanawe. Utakuwa, Pandu. Mimi hamsini na nne, yeye kumi na nane. Mtu hawezi kuwa mara tatu ya mtu ambaye hayupo."

"Limesema mtakutana?"

"Halikusema."

"Limesema wapi?"

"Halikusema."

Alikaa nami pale barazani, na mimi nikakitazama kivuli kikirefuka, kikagusa tangi, kikapanda ukuta, kikapotea. Sijui nililala vipi. Sikuwahi kulala hivyo, moja kwa moja, bila kubadilika. Nilipofumbua macho jua lilikuwa upande wa pili. Nilijipapasa uso, ule ule. Nikapanda juu ya tangi la Pandu nikachungulia paa: jino lipo, na umande juu yake.

Pandu alikuwa ameketi palepale, maji yake hayajajaa. Akajaribu utani wake wa zamani.

"Bi Sikudhani, leo una ngapi?"

"Arobaini na minane," nikasema, "na siku moja."